Barua ya wazi kwa wakuu wa shule na wizara: mtoto akibanwa muacheni aende

Shikamooni wakuu. Nawaandikia walimu wakuu, bodi za shule, wakaguzi, na nyie mliopo wizara ya elimu na ya afya mnaopitisha ramani za majengo na kusaini bajeti za ukarabati. Najua mna barua nyingi mezani na hii yangu inahusu kinyesi cha watoto, kwahiyo kuna mtu atacheka afunge hapohapo, sawa, ila ataebaki naomba asome yote maana hii kitu inatuchosha kliniki, inawachosha wazazi, na mtoto ndo anateseka kuliko wote na hana wa kumwambia.

Mimi ni muuguzi kliniki ya watoto. Kazi yangu kubwa ni watoto wenye tumbo kuuma, watoto wasiopata choo, watoto wanaojichafua wakati umri wa kujichafua ulishapita. Na nachotaka kusema ni kimoja tu: watoto wengi tunaowahangaikia kwa madawa miezi na miezi, shida yao inapikwa au inaendelezwa na utaratibu wa shule kuhusu choo, na utaratibu huo mnaweza kuubadilisha nyie, sehemu kubwa bila hata senti.

Kwanza mjue ukubwa wake. Duniani inakadiriwa karibu mtoto 1 kati ya 10 ana tatizo la kukosa choo au choo kigumu. Darasa lenye watoto 40 tegemea wanne hivi, na hao wanne hawatanyoosha mkono kusema. Na kati ya hao zaidi ya asilimia 90 hawana ugonjwa wowote kwenye utumbo, utapima damu, utapiga picha, utafanya nini, hukuti kitu. Walichonacho ni tabia ya kujibana. Tena madaktari wa watoto wanajua kabisa kuna vipindi vitatu hili tatizo linapenda kuanza: mtoto anapoanzishiwa chakula, anapofundishwa kutumia choo, na anapoanza shule. Viwili vya kwanza tuachieni sisi wazazi na watu wa kliniki. Cha tatu ni chenu.

Mtoto anaejibana ukimtazama unamjua. Katikati ya kipindi unamuona kakaza mapaja, kakalia kisigino kwenye kiti, uso umekunjamana, haandiki. Akisimama anasimamia vidole, miguu kaipishanisha, wengine wanashika meza kabisa. Inachukua dakika mbili tatu halafu inapita, anarudi kuwa kawaida anaendelea kunakili ubaoni. Mwalimu anaona mtoto ametulia. Kumbe mtoto ameshinda ile vita, choo kimerudi ndani, na hapo ndo shida inapoanzia. Hata nyumbani wazazi wengi wakiona hivyo wanadhani mtoto anasukuma choo kinagoma kutoka, wakati mtoto anafanya kinyume chake, anazuia kwa nguvu zote.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo mwilini kunatokea nini maana bila hapa mengine yote mtaona nadeka. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Mabaki ya chakula yanaingia mle yakiwa ujiuji, maji yanafyonzwa taratibu mpaka yanakuwa choo cha kawaida, yakifika kwenye puru, ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, yanaitanua na mishipa ya fahamu inapeleka taarifa juu kwamba mzigo umefika. Ukienda, imeisha. Usipoenda ile taarifa inazima baada ya muda mfupi, lakini mzigo uko palepale na maji yanaendelea kufyonzwa, kesho ni mgumu, keshokutwa ni jiwe. Siku ya kutoka unachana ngozi, mtoto anaona damu, anaona moto, na mtoto wa miaka sita hapo akili yake inamwambia kitu kimoja, usirudie tena. Kwahiyo anabana zaidi, kinakuwa kigumu zaidi, kinauma zaidi, anabana zaidi. Hakuna mtu alimfundisha ujeuri, anajikinga na maumivu kama mtu yeyote.

Sasa hiyo ikienda wiki na wiki puru inatanuka inalegea kama lastiki ya kaptula ya zamani. Ile taarifa haiji tena au inakuja imechelewa. Huku juu chakula kipya kinaendelea kushuka kikiwa bado laini, kinakuta bonge limeziba njia, kinapenya pembeni yake na kutoka chenyewe kwenye nguo. Mtoto hasikii. Narudia kwa sababu hapa ndo watu wazima wengi tunagoma kuelewa: hasikii. Na pua yake imeshazoea ile harufu kwahiyo wenzake wanaziba pua yeye anashangaa kuna nini.

Huyo mtoto ndo mnaemuita mchafu. Huyo ndo anasimamishwa nje, anaambiwa mbele ya darasa akaoge, anarudishwa nyumbani na kikaratasi kwamba asirudi mpaka atibiwe kuharisha. Nimewahi kumpokea mmoja wa darasa la pili ambae shule yake, siitaji, ilimhamishia dawati la peke yake dirishani ili hewa ipite. Baba mtu alikuwa ameshamnunulia dawa ya kuzuia kuharisha, si anaona nguo zinachafuka kila siku na ni majimaji, kwahiyo mtoto kaziba halafu kaongezewa cha kumziba. Tulimlaza kitandani, ukiweka mkono tumboni chini upande wa kushoto unakuta kitu kigumu kama ngumi, baba nikamwambia aweke mkono wake aguse mwenyewe. Akagusa. Hakusema kitu ila alianza kumfunga mtoto vifungo vya shati polepole sana, vyote, mpaka cha shingoni.

Mtoto kama huyo hatibiwi kwa kutiwa aibu, aibu ndo inamfanya ajifiche zaidi na abane zaidi. Anahitaji dawa ya kulainisha choo kwanza kwa dozi kubwa ya kutoa lile bonge, halafu dozi ya kila siku ya kuendelea, na hii ya kuendelea sio ya wiki moja. Muongozo wa madaktari wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa 2014 unasema angalau miezi 2, na mtoto awe amekaa angalau mwezi 1 bila dalili ndo dawa ipunguzwe taratibu. Wengine inachukua mwaka na zaidi kwa sababu puru iliyolegea inahitaji muda kurudi saizi yake. Na dawa hizi zinazotumika sana, makrogoli na laktulozi, kazi yake ni kuvuta maji yabaki kwenye choo kiwe laini, haziuzoeshi utumbo uvivu kama watu wanavyoambiana. Kinachotuangusha ni kitu kingine kabisa. Tunamsafisha mtoto likizo, anakuwa vizuri, anakula, tumbo limeshuka, mama anafurahi, shule zinafunguliwa na baada ya muda wapo mlangoni tena. Dawa ileile, mtoto yuleyule, kilichobadilika ni kwamba masaa nane kwa siku yupo mahali ambapo kwenda chooni ni kesi.

Na hapa nije kwenye ile sentensi, mnaijua, "ungeenda wakati wa mapumziko". Kila shule ipo, lugha zote nadhani ipo. Shida yake ni kwamba inadhani utumbo unasikia kengele. Chakula kikiingia tumboni, tumbo linaamsha utumbo mpana uanze kusukuma ili kutoa nafasi, hiyo kila binadamu anayo, kwa watoto ina nguvu zaidi, na inakuwa kali hasa asubuhi baada ya kula. Kwahiyo haja inamjia mtoto ndani ya nusu saa hivi baada ya chakula. Sasa angalieni ratiba zenu. Mtoto anakunywa chai alfajiri anakimbizwa, haja inamkuta njiani au paredi. Mapumziko yanaanza, dakika chache za kwanza anakula, zinazobaki anacheza kwa sababu ni mtoto, kengele inagonga, anaingia darasani, anakaa, na hapo ndo utumbo unaamka. Dakika kumi baada ya mapumziko kuisha! Wakati mwalimu ndo anasema kwa sauti kabisa hakuna kutoka, mmetoka sasa hivi. Mwalimu hana nia mbaya, lakini hii sheria imewekwa kinyume kabisa na mwili unavyofanya kazi, ingekuwa mtu kakaa chini atunge sheria ya kuwafanya watoto wakose choo asingetunga nzuri kuliko hii.

Najua mtasema tukiruhusu watatoroka vipindi. Ni kweli baadhi watatoroka. Kuna wa hisabati atabanwa kila hisabati, mimi mwenyewe nina wanangu nawajua. Lakini hebu tupige hesabu ya hasara, huyu katoroka dakika saba za hisabati, yule mwingine anatengeneza tatizo ambalo litamchukua mwaka wa dawa na kuchekwa mpaka abadilishe shule. Na mtoto anaeomba kutoka mara nyingi kupita wenzake hiyo ni habari tayari, inawezekana ana UTI, inawezekana ana kisukari, inawezekana anamkimbia mtu darasani, inawezekana hajui hisabati, zote hizo mnatakiwa mzijue. Mkimzuia hamtajua hata moja. Wekeni ishara ya mkono ambayo mtoto anaonyesha kimya anatoka, mmoja mmoja, hana haja ya kutangaza mbele ya watoto 40 kwamba anaenda haja gani. Kuna walimu wanauliza, "ndogo au kubwa?" Jamani. Nyie kwenye kikao cha bodi mkinyanyuka kuna mtu anawauliza ndogo au kubwa?

Halafu kuna hili la kibofu, watu wengi hawalijui. Puru na kibofu ni majirani wa karibu sana. Puru ikijaa inakisukuma kibofu, kinashindwa kujaa vizuri na kinashindwa kuisha vizuri, mkojo unabaki na bakteria wanapata pa kukaa. Mtoto anaanza kuvuja mkojo mchana, anakojoa kitandani wakati alishaacha, wasichana hasa wanarudiarudia maambukizi ya njia ya mkojo, wanapewa antibayotiki kila mara na hakuna anaeuliza kuhusu choo. Ukitibu choo na mkojo nao mara nyingi unatulia. Kwahiyo ukiona mtoto darasani kalowa, usianze na usafi wake, anza kujiuliza mara ya mwisho alienda lini.

Sasa vyoo vyenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa viwango vya shule za mazingira ya kipato kidogo mwaka 2009, sio viwango vya kitajiri: tundu 1 kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu 1 na sehemu ya kukojolea kwa kila 50, walimu wa kike na wa kiume wana vyao. Mnayo mafaili, hesabuni wenyewe mko wapi. Takwimu za WHO na UNICEF zinaonyesha watoto zaidi ya milioni 400 duniani wako shule ambazo hazina hata huduma ya msingi ya choo, na huduma ya msingi maana yake ni choo kizuri kiasi, kinachofanya kazi na kimetenganishwa kwa jinsia, basi, hawajasema marumaru. Sasa kwa hao siwezi kusema ruhusa itasaidia, utamruhusu aende wapi? Hapo ni hela na ni jukumu la wizara, hakuna maneno matamu ya kulizunguka.

Ila nimeona pia shule yenye matundu ya kutosha na watoto hawaendi. Ukiwauliza watoto, sio mwalimu, watakwambia sababu ndani ya dakika moja. Komeo halipo. Mlango hauna komeo kwahiyo lazima uende na rafiki ashike mlango, na rafiki akichoka au akiamua kufanya mchezo anauachia. Au mlango umekatwa chini wakubwa wanachungulia. Tishu ipo ofisini kwa mwalimu wa zamu, ukaombe, upimiwe. Maji yapo bombani nje lakini ndoo haipo. Sabuni haijawahi kuonekana. Taa imeungua, ndani giza, na mtoto wa darasa la kwanza giza ni jambo zito. Vyoo vimefungwa wakati wa vipindi ili visichafuliwe, ufunguo anao mtu ambae hajulikani yuko wapi, hii ya kufunga vyoo shule inanishinda kabisa kuelewa. Na wakubwa wamejazana kule kwa sababu ndo sehemu pekee ambayo hakuna mwalimu anaingia. Komeo moja ni kazi ya fundi nusu saa. Sijasema mjenge, nimesema komeo.

Na acheni kabisa adhabu ya kusafisha vyoo. Nalisema hili nikijua wengine mtakasirika maana wengi tulilelewa nalo. Mnachomfundisha mtoto ni kwamba chooni ni mahali pa wakosaji, halafu baadae mnataka aende pale kwa amani akae atulie amalize. Usafi uwe zamu ya wote au ya mtu anaelipwa kwa kazi hiyo, na aliepewa kazi hiyo apewe glovu na dawa za kutosha.

Jambo lingine dogo ambalo kwa watoto wadogo sio dogo. Choo cha kuchuchumaa kikiwa kisafi kwa kweli ni kizuri, maana ukichuchumaa ule msuli unaoizunguka puru unalegea na njia inanyooka. Shida ni vyoo vya kukaa vilivyowekwa saizi ya watu wazima, mtoto wa miaka mitano anapanda, miguu inaning'inia, kashikilia pembeni asitumbukie, amekaza mwili mzima. Ukikaza mwili huwezi kuachia. Anahitaji kitu cha kukanyagia, kiboksi tu, magoti yapande juu kuliko nyonga, ainamie mbele kidogo. Fundi seremala wa shule anatengeneza hivyo vitu kwa mabaki ya mbao.

Maji ya kunywa sitayasemea sana. Watoto wengi wanaacha kunywa maji asubuhi kwa makusudi ili wasije kubanwa, wameshajifunza hesabu hiyo wenyewe. Ruhusuni chupa ya maji mezani. Matunda, mboga, maharage, nafaka isiyokobolewa, hivyo vyote mtoto ale kama watoto wengine, vinasaidia, lakini msimtume mzazi nyumbani na ushauri wa "mpe papai" kama ndo tiba ya mtoto ambae puru imeshajaa, haitoshi, na kumjaza makapi ya vyakula hivyo juu ya bonge ni kumuongezea foleni. Mtoto aliefika huko anahitaji dawa.

Wa wizara ya afya nanyi msikae mkidhani barua hii ni ya wenzenu. Zahanati nyingi mtoto akija na tumbo anapewa dawa ya minyoo na kurudi nyumbani, na wa nguo kuchafuka anaandikiwa kuharisha bila mtu kumshika tumbo. Wafundisheni watu wetu kuuliza maswali manne tu, anaenda mara ngapi kwa wiki, kinakuwaje, kinauma, nguo zinachafuka? Na ile chati ya Bristol ya aina 7 za choo, ilitoka Uingereza na kuchapishwa 1997, ni karatasi moja, bandikeni kila chumba cha kumpimia mtoto. Mimi ninayo ukutani kimo cha mtoto. Mtoto ambae hajafungua mdomo tangu aingie, ukimwambia nionyeshe chako, anaangalia kwanza mama, anacheka kidogo, halafu kidole kinaenda moja kwa moja kwenye namba 1, vile vigololi, choo cha mbuzi. Mama hapohapo anashtuka maana yeye alishaniambia mtoto anapata choo kila siku. Anapata ndio, vigololi vitatu kila siku, mzigo wenyewe haujatoka tangu lini hakuna anaejua. Hiyo chati ingekaa pia kwenye somo la afya darasani, watacheka siku ya kwanza, wiki ya pili wanaongea kama wanaongelea meno.

Pia msije mkachukua barua hii mkaona kila choo kigumu ni mambo ya shule. Kuna watoto wanatakiwa hospitali haraka na naandika hapa kwa sababu walimu ndo wanakaa nao mchana kutwa: tumbo limevimba na anatapika hasa matapishi ya kijani, anapungua uzito au hakui, miguu imeanza kukosa nguvu au kutembea kumebadilika, damu nyingi, homa. Na wale ambao tatizo lipo tangu wiki za kwanza za maisha, au mama anakumbuka kwamba alipozaliwa kile choo cheusi cha kwanza kilipita siku mbili bila kutoka, hao wanaweza kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung ambapo sehemu ya utumbo imezaliwa bila mishipa ya fahamu ya kuusukuma, na huo ni upasuaji, haubembelezwi kwa dawa ya kulainisha. Ni wachache, ila wapo.

Turudi kwenu wa shule. Mtoto ambae yuko kwenye dawa, zile siku za mwanzo za kutoa bonge afadhali akae nyumbani au zifanyike wikiendi, hilo sisi tunalipanga na wazazi. Baada ya hapo anarudi darasani na utaratibu mmoja ambao ndo nusu ya tiba: kukaa chooni dakika 5 hadi 10 baada ya kula, kila siku, awe amebanwa asibanwe, bila kuharakishwa. Asubuhi anafanyia nyumbani. Baada ya chakula cha mchana anahitaji nyie. Dakika kumi baada ya chakula, choo chenye mlango unaofunga, nguo ya kubadilisha kwenye begi, na mwalimu mmoja, mmoja tu, anaejua habari zake na hazipeleki chumba cha walimu. Tukiwaandikia barua tunaomba hivyo, naomba isijibiwe kwamba shule haiwezi kutoa upendeleo. Na wala msianze kudai barua ya daktari kwa kila mtoto anaetaka kwenda chooni, maana wapo ambao hawajawahi kufika kliniki na hawatafika, hao wanne wa kwenye darasa la 40 wengi wao ni hao.

Fomu ya kumuandikisha mtoto darasa la kwanza inauliza dini, inauliza kazi ya baba, inauliza aleji. Ongezeni mstari mmoja, mtoto ana shida yoyote ya choo au mkojo? Mzazi ataandika kama ameulizwa, asipoulizwa ataona aibu kusema. Na siku ya kwanza kabla ya kuonyeshwa sehemu ya kupanga mstari, watoto waonyeshwe choo, waingie, wafunge mlango, wafungue, wafungulie maji, wajue tishu inakaa wapi. Mtoto anaeogopa choo siku ya kwanza atakiogopa mwaka mzima.

Wakaguzi, nyie nina ombi lenu maalum. Mkija huwa mnahesabu matundu kwa nje mnaandika namba. Safari ijayo ingieni. Muingie kile cha wanafunzi sio cha wageni, mfunge mlango, mkae humo dakika tano saa ya mapumziko watoto wakiwa nje ya mlango, halafu muandike kwenye ripoti kama mngeweza kumaliza shughuli. Kama jibu ni hapana ripoti iseme hivyo, itaje mlango, itaje nani anatakiwa kurekebisha na lini.

Mkitaka mtu aje aongee na walimu wenu kwenye kikao, kliniki za watoto zina wauguzi, tuiteni, tunakuja na chati yetu, nusu saa inatosha na hatuhitaji posho ya kikao.

Wenu,
Muuguzi wa kliniki ya watoto